Mpox na miji ya Mlima Kenya: nani atagharimia wiki nne za kujitenga?

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini. Mgonjwa alitambuliwa Taveta, kwenye mpaka na Tanzania. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kupitia Kenya. Huku kwetu, kuanzia Karatina hadi Nanyuki na kutoka Kerugoya hadi Chuka, wengi waliipokea habari hiyo kama jambo la watu wengine: watu wa mpakani, watu wa pwani, watu wa Congo. Nadhani tuliisoma habari ile vibaya. Kirusi kile hakikutoka kwenye msitu wowote wa Kenya. Kilikuja kwa njia ya lami, na lami ndiyo inayolisha miji yetu.

Tazama jinsi mlima ulivyozungukwa na safari. Barabara ya A2 inatoka Nairobi, inapita Thika, Kenol, Sagana na Karatina, inafika Marua karibu na mji wa Nyeri, kisha inapanda Naro Moru na Nanyuki na kushuka Isiolo, Marsabit hadi Moyale. Upande wa mashariki kuna ile ya Embu, Chuka na Meru. Kila siku magari ya muguka yanaondoka Mbeere kwenda Mombasa kwa kasi, kwa sababu jani likinyauka halina mnunuzi. Miraa ya Igembe nayo ina haraka hiyo hiyo. Viazi vya mlimani huuzwa soko la Kongowea, Mombasa, kabeji na karoti za Karatina huamkia Nairobi, mchele wa Mwea huenda kila mahali. Mnamo Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, kilio kilichotoka Embu kiliionyesha nchi nzima jinsi Mbeere na Mombasa zilivyofungamana. Mwaka uliofuata, Mombasa ndiyo kaunti iliyoandikisha visa vingi zaidi vya mpox nchini. Kwenye ncha ya kaskazini, Mei 2025, Ethiopia ilitangaza visa vyake vya kwanza: mtoto mchanga na wazazi wake, mjini Moyale, pale pale A2 inapoishia.

Jani la muguka halibebi mpox, na sitaki mtu yeyote amnyooshee kidole dereva au utingo wake. Ninachosema ni kwamba mlima uko katikati ya ncha mbili ambako ugonjwa umeshaonekana, na kati ya ncha hizo kuna maelfu ya watu wanaolala safarini, wanaopakia mizigo kwa mikono, wanaokula kibandani na wanaopendana kama watu wengine wote. Chanjo ipo na elimu ya kutosha kuhusu kirusi ipo. Lakini mkurupuko katika mji kama Karatina utazimwa au utasambaa kutegemea jambo moja ambalo halizungumzwi sana: kama mtu aliyeambukizwa anaweza kuacha kazi kwa wiki mbili hadi nne bila kukosa chakula, kodi ya nyumba na heshima yake. Kuielewa hoja hii kunahitaji kuanzia kwa kirusi chenyewe, maana umbile lake ndilo linaloamua mengine yote.

Mpox ni ya ukoo mmoja na ndui. Virusi vya ukoo huu ni vikubwa kwa kipimo cha virusi, vina umbo linalokaribia tofali, na vinasaba vyake ni DNA yenye herufi zipatazo 197,000. Kirusi cha Covid-19 kina herufi 30,000 hivi. Virusi vingi vya DNA hulazimika kuingia kwenye kiini cha seli na kutumia vifaa vya mwenyeji ili vijizidishe. Ukoo wa ndui huja na vifaa vyake na kufanya kazi nje ya kiini, ndani ya ute wa seli. Kirusi hicho hunakili vinasaba vyake kwa uangalifu, kama karani anayerudia kila mstari kabla ya kugeuza ukurasa, na kwa hiyo hubadilika polepole. Hilo ni jema kwetu, kwa maana chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui bado inakitambua kirusi cha mpox.

Uangalifu huo ndio uliowawezesha wanasayansi kuona jambo lisilo la kawaida. Mabadiliko yalianza kuonekana kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na karibu yote yalikuwa ya aina moja. Hizo zilikuwa alama za kimeng'enya cha mwili wa binadamu kiitwacho APOBEC3, ambacho kazi yake ni kuharibu vinasaba vya virusi vinavyovamia. Kirusi chenye alama nyingi za aina hiyo kimepita ndani ya watu wengi. Kwa kuhesabu alama hizo, watafiti walitambua kwamba tawi lililoenea duniani mwaka 2022 lilikuwa likizunguka miongoni mwa binadamu tangu takriban mwaka 2016, na kwamba tawi lililozuka Kivu Kusini, Congo, mwaka 2023 lilikuwa limeshika njia hiyo hiyo. Mnyororo uliotufikia Kenya ni wa mtu kwa mtu.

Kwa sababu hiyo lile jina la zamani, homa ya nyani, linapotosha hatua za watu. Kirusi kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1958 kwenye nyani waliofungiwa katika maabara mjini Copenhagen, Denmark, na jina likabaki hapo. Porini, wanyama wanaoshukiwa zaidi kukihifadhi ni wa jamii ya panya na kindi. Mwaka 1985 kilipatikana kwa kindi mmoja nchini Zaire, Congo ya leo, na mwaka 2003 panya walioagizwa kutoka Ghana kama wanyama wa kufugwa walisababisha maambukizi kwa watu wapatao 47 nchini Marekani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina mpox mnamo Novemba 2022, baada ya jina la zamani kutumika kuwatukana watu. Sisi tunaoishi kando ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya tuna ugomvi wa muda mrefu na nyani na kima, wa Kieni na Tetu wanaujua vizuri. Huo ni ugomvi wa mahindi na viazi. Anayedhani atakinga familia yake dhidi ya mpox kwa kumpiga risasi nyani atakuwa ameharibu mnyama na risasi, na mlango ulioingilia ugonjwa utabaki wazi.

Historia ya ugonjwa kwa binadamu inaanza mwaka 1970 Basankusu, kaskazini magharibi mwa Congo, kwa mtoto wa kiume wa miezi tisa. Ndui ilikuwa imekwisha kumalizwa katika eneo lile, hivyo madaktari walishangaa kuona vipele kama vyake. Miaka saba baadaye, Oktoba 1977, mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana Merca, Somalia: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye alipona na baadaye akafanya kazi ya kuhimiza chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1980 dunia ilitangaza kwamba ndui imetokomezwa, na chanjo yake ikasitishwa. Ushindi huo ulikuwa na gharama iliyoonekana polepole. Chanjo ya ndui ilikuwa pia ikiwakinga watu dhidi ya mpox, kwa takriban asilimia 85 kulingana na utafiti wa Zaire wa miaka ya 1980. Kila mtoto aliyezaliwa baada ya hapo alizaliwa bila ngao hiyo.

Huku mlimani ndui si hadithi ya mbali. Miaka ya 1890 iliwapiga Wakikuyu vibaya, na njaa kuu ya mwishoni mwa muongo huo ilipofika iliwakuta watu walioishiwa nguvu na mifugo yao imekufa kwa sotoka. Liko riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, lililobeba jina la ugonjwa huo: Mutung'u. Jamii iliyotia maradhi kwenye kalenda yake ilijua uzito wake.

Leo, ukikutana na cucu au guka aliyezaliwa kabla ya miaka ya 1970, huenda ukaona kovu la mviringo kwenye sehemu ya juu ya mkono wake. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui, na bado linampa kiasi fulani cha kinga. Vijana wengi nao wana kovu kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na nimewasikia baadhi yao wakijitapa kwamba wameshachanjwa. Kovu hilo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga. Halina uhusiano wowote na mpox. Katika nyumba moja ya Mukurwe-ini, basi, nyanya anaweza kuwa na kinga kuliko mjukuu wake mwenye nguvu za kubeba magunia.

Mwaka 2017 Nigeria ilipata mkurupuko ulioanza kutambuliwa kwa mvulana wa miaka 11 katika jimbo la Bayelsa. Daktari Dimie Ogoina aliyewahudumia wagonjwa pale aliona kwamba wengi walikuwa wanaume vijana wenye vidonda sehemu za siri, akaandika kwamba huenda ugonjwa huu unaambukizwa kwa kujamiiana. Onyo lake halikutiliwa maanani. Miaka mitano baadaye ugonjwa ulifika Ulaya na Amerika, ukaenea katika nchi zaidi ya 100, na ndipo chanjo zikapatikana upesi, ila kwa nchi zenye fedha. Ninalitaja hili kwa uchungu kwa sababu taarifa ilikuwepo, imeandikwa na Mwafrika aliyekuwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kisha Septemba 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, tawi jipya likajitokeza. Wataalamu huliita tawi la Ib. Waliougua kwanza walikuwa vijana wa migodini na wanawake waliofanya biashara ya ngono katika baa za mji huo. Kutoka Kamituga lilifika Bukavu na Goma, likaingia Burundi, Rwanda, Uganda, na Kenya. Tarehe 13 Agosti 2024 kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kilitangaza dharura ya bara, na siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tanzania ilitangaza visa vyake vya kwanza tarehe 10 Machi 2025. Kufikia katikati ya mwaka huo Uganda ilikuwa imethibitisha zaidi ya visa 6,000. Dharura ya kimataifa iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, lakini kuondolewa kwa tangazo kulihusu kasi ya ugonjwa duniani. Kirusi chenyewe kilibaki Afrika Mashariki.

Kinaambukiza vipi? Kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mwenye vidonda, na kujamiiana ndiko kugusana kwa karibu kuliko kote. Kwa kulala kwenye shuka na blanketi za mgonjwa, maana magamba yanayodondoka kutoka kwenye vidonda hubeba kirusi hai. Kwa kukaa uso kwa uso na mgonjwa kwa muda mrefu. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, na mimba nyingine huharibika. Mpox haisambai hewani kwa wepesi wa surua. Kukaa kiti kimoja na mtu kwenye matatu ya kutoka Nyeri hadi Nairobi si njia ya kawaida ya kuipata. Kulala kitanda kimoja na mgonjwa katika chumba cha ploti Majengo, au kumwosha mtoto mwenye vidonda bila glavu, ndiyo njia.

Baada ya kuambukizwa, mtu hukaa siku chache hadi wiki tatu kabla ya kuugua. Halafu huja homa, kichwa kuuma, mgongo na misuli kuuma, uchovu, na tezi kuvimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Vipele hufuata: madoa, kisha uvimbe mgumu, kisha lengelenge la maji, kisha usaha wenye kishimo katikati, mwishowe gamba. Mara nyingi hutokea pia kwenye viganja na nyayo. Tetekuwanga, ambayo kila mzazi wa Nyeri anaijua, huwa na malengelenge mepesi yaliyo juu juu, yenye umri tofauti mahali pamoja, mengi yakiwa kifuani na mgongoni, na tezi kwa kawaida hazivimbi sana. Tofauti hizo husaidia, lakini hazitoshi. Tangu mwaka 2022 madaktari wameona wagonjwa wengi wenye vidonda viwili vitatu tu sehemu za siri, bila homa, vinavyofanana kabisa na kaswende au malengelenge ya zinaa. Uhakika hutoka kwenye kipimo cha PCR cha majimaji au gamba la kidonda.

Hapa ndipo mazoea yetu yanapoingia. Mtu mwenye kidonda sehemu za siri katika mji mdogo ambako muuguzi ni jirani yake au ni mtu wa kanisa lake hatakwenda zahanati kwanza. Ataingia duka la dawa, ataeleza kwa sauti ya chini, atapewa viuavijasumu, na siku kumi zijazo ataendelea na kazi. Simlaumu. Ninasema tu kwamba mkurupuko wowote hapa mlimani una uwezekano mkubwa wa kuonekana kwanza na wauza dawa wa Othaya, Kutus na Nanyuki kuliko na daktari yeyote wa hospitali ya rufaa. Wauza dawa hao wangepewa mafunzo ya siku moja, picha za vidonda kwenye ngozi nyeusi na nambari ya kupiga, tungepata wiki nzima ya mwanzo ambayo kwa sasa tunaipoteza. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 hivi waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023 na mikoba yao, nao wanaingia nyumbani ambako daktari haingii. Shule za bweni zinahitaji jicho la pekee. Kaunti ya Nyeri imejaa shule hizo, na matroni anayeona upele kwa mwanafunzi kila muhula hujiambia ni tetekuwanga au ni upele wa kujikuna. Mara nyingi huwa kweli. Gharama ya kupima na kukuta si mpox ni ndogo.

Vipimo vyenyewe havihitaji kubaki vya Nairobi peke yake. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zimesambazwa katika hospitali nyingi za kaunti nchini, na Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kwa matumizi ya dharura katriji ya mpox inayotumia mashine hizo hizo. Mashine iliyopo ikipata katriji, jibu linaweza kutoka siku hiyo hiyo. Sampuli inapopelekwa Nairobi, mgonjwa anabaki akisubiri huku hajui kama arudi sokoni au asirudi, na mtu asiyejua kwa kawaida hurudi.

Kuhusu tiba, watu huuliza kwanza kama kuna dawa. Dawa iliyotegemewa zaidi ni tecovirimat, iliyotengenezwa kwa hofu ya ndui kurudishwa kama silaha. Ilijaribiwa vizuri Congo, katika hospitali za Tunda na Kole, kwa wagonjwa 597, chini ya uongozi wa wanasayansi wa Kinshasa kwa ushirikiano na Wamarekani. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti 2024, siku moja baada ya dharura ya kimataifa: waliopewa dawa hawakupona vidonda haraka kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Magazeti mengi yaliandika kwamba dawa imeshindwa, na wasomaji wakageuza ukurasa. Lakini ndani ya utafiti huo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Kati ya wagonjwa wote walioshiriki, wenye dawa na wasio nayo, waliofariki walikuwa asilimia 1.7, wakati kiwango cha vifo vya mpox nchini humo kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wote walikuwa wamelazwa kwa siku 14 au zaidi, wakipewa chakula, maji, dawa za maumivu, viuavijasumu pale vidonda vilipopata bakteria, na uangalizi wa kila siku.

Naona hilo ndilo somo lenye uzito kuliko yote kwa hospitali zetu, kuanzia ile ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri hadi Mathari, Tumutumu na Othaya. Vitu vilivyookoa maisha Tunda na Kole vinapatikana hapa leo: parasetamoli, sabuni, maji safi, vidonda vilivyosafishwa na kuachwa vikauke au kufunikwa, macho kuangaliwa mapema kabla kirusi hakijayaharibu, chakula cha kutosha kwa mtoto. Sabuni ya kawaida huuvunja utando wa nje wa kirusi, na jiki iliyochanganywa vizuri huua kilichobaki sakafuni na kitandani. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji ndege kutoka ng'ambo. Kinachohitajika ni kitanda, muuguzi na muda.

Hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa. Utafiti mmoja wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wagonjwa 382 wa mpox waliokuwa na VVU na kinga iliyoshuka. Walikufa 27, na wote walikuwa wale ambao seli zao za CD4 zilikuwa chini ya 200. Kwa hiyo kliniki ya ARV ni sehemu ya tiba ya mpox, hata kama hakuna aliyeipa jina hilo. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, vituo kadhaa nchini vilivyowahudumia wanawake wanaofanya biashara ya ngono na wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume vilifungwa. Wale waliokuwa wakifika pale kwa siri na kwa heshima hawakuhamia hospitali za umma wote. Wengine walikaa nyumbani. Ukitaka kujua mpox itaua wapi, angalia mahali dawa za VVU zilipokatika.

Chanjo inayotumika zaidi ni MVA-BN ya kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark. Ina kirusi cha ukoo wa ndui kilichodhoofishwa hadi hakiwezi kujizidisha mwilini mwa binadamu, na hutolewa dozi mbili zinazopishana kwa wiki nne. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, dozi moja hupunguza hatari kwa asilimia 76 na mbili kwa asilimia 82. Novemba 2024 nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ziligawiwa dozi 899,000, na asilimia 85 ya hizo zilikwenda Congo. Mgao huo ulikuwa wa haki, kwani Congo ndiyo iliyokuwa ikizika watoto. Lakini maana yake kwetu ni kwamba dozi za kuchanja kaunti nzima hazipo wala hazitakuwepo karibuni. Zinazofika zinapaswa kwenda kwa wahudumu wa afya, madereva wa masafa marefu, wanaofanya biashara ya ngono, na wale waliomgusa mgonjwa aliyethibitishwa. Aliyekutana na mgonjwa akichanjwa ndani ya siku nne anaweza kukingwa kabla kirusi hakijashika mwili.

Narudi, basi, kwenye muda. Mgonjwa wa mpox anaweza kuambukiza tangu dalili zinapoanza hadi kila gamba lidondoke na ngozi mpya iote chini yake. Hiyo ni wiki mbili hadi nne. Mtumishi wa serikali atapata likizo ya ugonjwa na mshahara wake utaingia. Mchuma chai wa Tetu hulipwa kwa kilo. Mchuma kahawa hupata fedha zake za maana katika msimu wa Oktoba hadi Desemba, na wiki nne ndani ya msimu huo ni karibu theluthi ya mapato hayo. Makanga anayekosa kazi wiki moja anakuta mwingine ameshika nafasi yake. Mama mboga wa Karatina akifunga kibanda mwezi mzima hupoteza wateja na mtaji pamoja. Mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Timau na Nanyuki anaishi chumba kimoja na mke na watoto, choo cha ploti nzima, bomba moja. Ukimwambia ajitenge, ajitenge wapi?

Tulishawahi kulijaribu hili tukashindwa. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, Wakenya waliowekwa karantini kwa lazima walitozwa gharama wenyewe. Wengine walizuiliwa zaidi ya siku 14 kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Serikali ilibadilisha msimamo Mei mwaka huo, lakini wakati huo watu walikuwa wameshajifunza kuficha kikohozi. Mpox ni rahisi zaidi kuificha kuliko kikohozi: shati la mikono mirefu linatosha. Ugonjwa unaofichika na unaoambukiza kwa wiki nne hauwezi kuzuiwa kwa vitisho. Anayeadhibiwa kwa kusema atanyamaza, na atakayelala naye usiku ule hatajua.

Mfumo wa bima ya SHA ulioanza Oktoba 2024 unaweza kulipia kitanda, lakini haulipii kilo za chai ambazo hazikuchumwa. Hata hivyo njia za kufikisha fedha tunazo tayari. Inua Jamii huwapa wazee wenye miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, na M-Pesa inafika kila kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina za dharura. Kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru, Laikipia na Tharaka Nithi zingeweza kukubaliana jambo moja: mgonjwa aliyethibitishwa na maabara anapata posho ya chakula na kodi kwa muda wote wa kujitenga, na chumba cha kulala iwapo nyumba yake haimruhusu kujitenga. Wagonjwa wakiwa kumi, gharama hiyo ni ndogo kwa kaunti. Wakifika elfu moja, hakuna hazina itakayotosha, na ndiyo sababu posho hii lazima iwepo kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Watasema wapo watu watakaojifanya wagonjwa ili wapewe. Kipimo cha PCR hakidanganyiki kirahisi hivyo. Watasema pia kwamba vyama vya akina mama na makanisa vinatosha, na kweli vyama vya Mathira vimewahi kuwabeba wagonjwa kuliko idara yoyote. Lakini chama hubeba mgonjwa kinayemjua na ambaye hana aibu ya kuutaja ugonjwa wake. Kijana wa stejini mwenye vidonda sehemu za siri hataenda mbele ya chama cha mamake kuomba mchango. Posho ya umma, inayotolewa kwa siri ya daktari na mgonjwa, ndiyo itakayomfikia.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni, na kabla ya hapo wananchi huitwa kwenye vikao vya maoni katika wadi. Wengi wetu huenda kudai barabara, na tunadai kwa haki. Barabara pana ya Kenol hadi Marua itatuleta karibu zaidi na Nairobi, na kwa hiyo karibu zaidi na Mombasa na Moyale. Kwenye kikao hicho hicho mtu asimame aulize katika fungu la afya kuna shilingi ngapi za kumweka nyumbani mwenye mpox hadi magamba yadondoke, zitatoka mfukoni mwa nani, na zitamfikia baada ya siku ngapi tangu jibu la maabara litoke.